Video Uliyoituma Nairobi

Saumu mwanangu,

Nimekasirika. Nakwambia mapema ili usisome barua hii ukitafuta mahali nitakapoanza kulia na kukutakia safari njema. Umetoka na Khamis kwenda kununua sanduku, kwa sababu langu umesema ni la kizee, na mimi nimebaki hapa nyumbani Al-Mahjar, Jeddah, na kalamu. Mkirudi nitakuwa nimemaliza. Mambo ya pasipoti, nani atakupokea kesho na nguo gani za baridi, Khamis ameyaandika yote kwenye karatasi kwa ule mwandiko wake mzuri, na amepiga mstari chini ya kila neno. Mume wangu ni mhandisi hata anapoandika soksi. Sitayarudia.

Nataka tuzungumze juu ya Rehema.

Jana alasiri ulinituma mwenyewe nifungue kompyuta yako niichapishe ile barua ya kazi. Niliifungua nikiwa na furaha ya mama ambaye mtoto wake wa miaka kumi na tisa amepata kazi kwenye kampuni ya filamu. Nilisoma mstari wa kwanza, nikamwita Khamis aje asome na yeye. Tukafika mahali walipoandika kwamba kipande cha yule mama anayemzungumzia mtoto wake kimewagusa sana, na kwamba wangependa filamu yao mpya ianze nacho. Khamis akaniuliza, mama gani? Nikamwambia sijui. Ndipo nilipofungua video uliyowatumia.

Nilijua Rehema ulimrekodi. Tulikwenda Riyadh pamoja, wiki tatu zilizopita, kurekodi Ijumaa ya wanawake wanaofanya kazi majumbani, siku yao ya kutoka. Rehema alikuja kutoka Al-Naseem, kwenye nyumba anayofanya kazi, tukakutana kwa rafiki yangu Fatma kule Al-Suwaidi. Nilikuacha naye chumbani na kamera, nikaingia jikoni kumsaidia Fatma kupika wali. Sikujua kwamba wakati naosha mchele, Rehema alikuwa anakwambia jambo ambalo hajawahi kuniambia mimi, ninayemjua kwa miaka tisa: kwamba yule kijana wa Malindi anayelelewa na dada yake, anayemwita yeye anti kwenye simu, ni mwanawe wa kumzaa. Ana miaka kumi na moja na hajui. Anayejua ni dada mtu. Na sasa unajua wewe, najua mimi, anajua Khamis, na inajua ofisi nzima ya watu wa Nairobi wanaokunywa chai wakisema wameguswa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ni nzuri. Sijawahi kurekodi kitu kizuri kama kile. Hukumkatiza. Aliponyamaza, ukanyamaza naye, na kamera haikutikisika. Mimi ningekuwa nimeshamuuliza swali la kijinga au nimempa kitambaa. Nimelala na hasira kwamba una kipaji kuliko mimi na umekitumia hivyo.

Uliyonijibu jana nayaandika hapa ili ujue niliyasikia. Ulisema Rehema alikubali, kwamba ni yeye aliyekwambia washa. Ulisema hukuitangaza popote, umewaonyesha watu wa kazi tu. Kisha ukaona sijalainika, ukasema, "Mama, tangu uolewe umekuwa mwoga. Zamani ulikuwa unarekodi mpaka juu ya paa la watu."

Khamis alicheka kidogo, maskini, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Nikakwambia hujui ninachokijua. Nawe ukasema lile la pili, kwa sauti ya chini, ambalo ndilo limenifanya nichukue kalamu: "Sawa. Lakini mimi wewe ulinilea kwa video."

Ni kweli. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka saba, na mwaka huohuo nikakuacha Mombasa kwa bibi yako nikaja Riyadh. Sina la kujitetea hapo. Umeniambia neno la haki kwa siku mbaya, basi na mimi nitakwambia neno la haki siku hiyohiyo, na tutaona nani ataumia zaidi.

Lile paa lilikuwa Al-Suwaidi. Nyumba ya madam wangu wa kwanza ilikuwa na ghorofa mbili, na nguo tulianika juu. Madam alinipa simu yake ya zamani iliyopasuka pembeni. Nikawa nikianika, naiegemeza kwenye ndoo ya vibanio, nakurekodia: hizi ndizo shuka za watoto wa watu, huu ndio mnara wa msikiti ninaousikia, huyu ndiye njiwa anayeninyea nguo. Bibi yako alikuwa anakuonyesha jioni. Wenzangu wakasikia. Kila mmoja akataka nimrekodie ya mwanawe, maana wanasema wakijirekodi wenyewe wanaonekana pua tu. Ndivyo nilivyoanza kazi hii. Sikuwa na shule yake, nina kidato cha nne na cheti kimeliwa na mchwa. Nilijifunza kwamba mtu akiongea na mwanawe aliye mbali, hutakiwi kumwambia atazame wapi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa Kadzo, kutoka Kwale. Umewahi kuniuliza Kadzo ni nani, nikakwambia ni rafiki wa zamani. Nilikuficha. Kadzo ndiye mtu niliyemharibia maisha kwa kamera.

Tulikuwa tunakutana tukitoa taka. Siku moja madam wangu alisafiri Makka na familia, na madam wa Kadzo akamruhusu aje anisaidie kufua mazulia. Tukiwa juu ya paa, akaniambia nimrekodi. Hakuwa anamwambia mtoto. Alikuwa anasema tu. Alisema kwao wote wanadhani alikuja Arabuni kwa baraka za mume na wakwe, kutafuta maisha. Alisema alikuja akikimbia. Mume alikuwa anampiga, na mama mkwe ndiye aliyekuwa anaushikilia mlango usifunguke. Alisema mkataba ukiisha hatarudi kwa yule bwana, atamchukua binti yake kwa mama yake mzazi alikomwacha, ahamie mji mwingine. Alipomaliza akacheka akasema, "Haya, Mama Saumu, tumalize mazulia."

Wakati huo palikuwa na bwana mmoja wa Nairobi anayetengeneza filamu za kweli juu ya watu wetu walioko nje. Alikuwa ameona video zangu za paani kwa mtu, akanitumia ujumbe akinisifu. Saumu, sikuwahi kusifiwa. Nilikuwa nasifiwa kwa kung'arisha choo. Huyu aliniita msanii. Akaniuliza nina nini kingine, nikamtumia ya Kadzo. Nilimwomba amfiche uso, akaahidi, na ahadi aliitimiza. Nilimwambia Kadzo, uso wako utafichwa, kafili wako hatakujua. Akasema kama kafili hatanijua, basi. Tulimwogopa kafili, mwajiri mwenye ikama zetu, vibali vya kukaa, mkononi. Tukawasahau wakwe.

Kadzo siku ile alijifunga leso. Ilikuwa ya harusi yake, nyekundu yenye maua meusi, na doti hiyo mama mkwe ndiye aliyeinunua. Waliikata pamoja siku anaingia nyumbani: kipande kimoja cha mkwe, kimoja cha bibi harusi. Filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni, kule Kwale yule mama alikuwa ameketi na watu wake. Uso ulikuwa wingu. Sauti ilikuwa imebadilishwa kidogo. Leso ilikuwa ileile aliyokuwa ameivaa yeye mwenyewe kiunoni pale alipoketi.

Kesho yake walikwenda kwa mama yake Kadzo wakamchukua mtoto. Alikuwa na miaka minne. Kadzo alipata habari kwa simu akiwa anapika chakula cha watoto wa madam, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka mkataba uishe. Aliporudi, mtoto alikuwa anamkimbia.

Nilikwenda kumwona nilipopata likizo. Alinipa maji. Alikaa akanitazama nikinywa. Nilianza kusema nilifanya kila niwezalo, nilimficha uso. Akasema, "Mama Saumu, nani alikwambia mimi nauonea haya uso wangu?"

Hakupandisha sauti. Alichukua bilauri, akaenda kuiosha, na hakurudi. Nilikaa pale barazani mpaka nikaona aibu ya kukaa, nikaondoka.

Sasa nisikilize, kwa sababu hasira yangu ya kwanza haikuwa kwako. Niliporudi Saudia nilihamia huku Jeddah. Mama mmoja mwenye studio ya harusi alitafuta wanawake wanaojua kamera, akakubaliana na kafili wangu, nikahamishwa. Umenisikia nikisimulia harusi zile kwa vicheko, mapambo na keki ndefu kama minara. Sijakusimulia lililoniuma. Ukumbi wa wanawake ni wanawake watupu, wamevua abaya, wamejipamba. Mlangoni simu zote zinachukuliwa. Kamera inayoingia ni yetu peke yake. Na harusi ikiisha, kadi za kamera zote anakabidhiwa mama wa bibi harusi, mkononi, na sisi tunageuza mifuko yetu mbele yake. Studio haibaki na kitu. Siku akitaka tumkatie filamu, bibi harusi anakuja na kadi zake, anakaa kwenye kiti, anaangalia yote tangu mwanzo. Hapa futa. Hapa shangazi ameninunia, futa. Hapa nimependeza, rudia. Tunafuta, tunarudia, tunamletea kahawa.

Nilisimama nyuma ya kiti cha wasichana wale miaka mitatu nikisema hadir, hadir, yaani sawa, tayari, nikifuta shangazi. Na kila nilipofuta nilikuwa nafikiria, huyu anaogopa kuonekana ana kidevu cha pili, na amepewa kiti na kahawa. Kadzo alisema neno ambalo lilimgharimu mtoto, na hakuna aliyemuuliza hata kama angependa kuiona. Si yule bwana wa Nairobi, wala mimi. Mimi niliyekuwa naye juu ya paa, na simu mfukoni, ningeweza kumwonyesha palepale kabla mazulia hayajakauka. Angeiona leso. Mtu mwenyewe huwa anaona. Angesema, ngoja nibadilishe leso, tungerekodi tena, basi, jambo lingeisha kwa dakika tano.

Ndiyo maana ninafanya kazi hivi unavyoniona nafanya, na wewe unavuta midomo ukisema nachelewesha. Mtu akishasema, namwekea kiti. Anaangalia yote, mwanzo mpaka mwisho, peke yake na mimi, kabla ya mwingine yeyote. Akiridhika anasema halas. Asiporidhika anasema mafi, yaani hakuna, na mafi ni mafi, simuulizi kwa nini. Umewaona. Yule mama wa Kakamega aliyefuta saa nzima kwa sababu mtandio haukupigwa pasi. Yule Mtanzania aliyejitazama akasema kumbe nina sauti ya mwanaume, akacheka mpaka akalia, halafu akasema acha iwe. Filamu yangu juu ya mikono ya wanawake wa kazi za majumbani ilichukua miaka minne kwa sababu ya mafi. Haikunipa jina kubwa. Imeonyeshwa kwenye kumbi ambazo sikuwahi kuingia, na hapa Jeddah kwenye ukumbi wa kukodi siku ya mkutano wa Wakenya na Watanzania, kati ya biriani na hotuba.

Na siku hiyo, ikiwa unadhani nimekuwa mwoga kwa sababu ya ndoa, ngoja nikwambie jinsi nilivyopata ndoa yenyewe. Taa ziliwaka, watu wakakimbilia biriani, na mwanaume mmoja wa Unguja mwenye shati la bluu akaja mpaka nilipokaa. Macho mekundu. Nikadhani anataka kunipa pole. Akasema, "Bibi, filamu yako nimeilia. Lakini sauti, wallahi, umerekodi ndani ya pipa?"

Wiki ya pili akaniletea kinasa sauti alichokifunga kwenye mpini wa ufagio. Nilimpenda hapohapo, mwanangu, nilimpenda kama msichana, na mpaka leo, miezi mitatu ya ndoa, napika nikiimba, na najua wewe na Fatma mnatucheka. Chekeni. Nilikaa miaka mingi nikiwapigia pasi mashati wanaume wa watu, na sasa kuna shati moja la bluu ambalo nalipiga pasi mara mbili hata kama halina mkunjo. Anashika ule ufagio kwa saa mbili bila kulalamika. Yeye pia nilimkalisha kwenye kiti. Nilimrekodi akieleza juu ya mke wake wa kwanza, akaangalia, akasema mafi, nikafuta. Hakuna mtu mwingine atakayeyasikia maneno yale. Hapo ndipo aliponiposa. Kwa hiyo usiniambie ndoa imenilainisha. Kilichonipa ndoa ni kitu hichohicho ulichokiruka.

Jana usiku nilikuwa na nia ya kufuta. Diski yako ilikuwa mezani, na barua pepe ya kampuni nilikuwa nimekwisha kuanza kuwajibu kwa jina lako, niwaambie waitupe ile video. Khamis akanishika mkono. Akaniuliza, hivi Rehema umemuuliza? Nikasema nani wa kumuuliza, mtu atasema nini zaidi ya hapana? Akasema, "Sasa mke wangu, wewe na Saumu mna tofauti gani?"

Nilimkasirikia na yeye. Nilikwenda kulala nimempa mgongo, mara ya kwanza tangu tuoane, na asubuhi akaniletea chai kana kwamba hakuna kitu. Chai ilikuwa na iliki nyingi mno. Nikainywa yote.

Basi leo, saa ambayo Rehema huwa anapeleka watoto shule na anaweza kushika simu, nilimpigia. Nilimwambia ukweli wote. Kwamba maneno yake umeyatuma kwa watu, kwamba kazi uliyoipata umeipata kwayo, kwamba wanataka kuyaweka mwanzo wa filamu, kwamba hakuna aliyeyaonyesha nje ya ofisi yao bado. Nilisikia watoto wakigombana kwa Kiarabu nyuma yake, na yeye akawaambia yalla, yalla, ingieni. Nikamwambia akitaka nifute, nafuta sasa hivi, na Nairobi nitawaandikia mwenyewe.

Akasema, "Usifute, dada. Mimi ndiye niliyeyasema, sijawahi kujisikia nikiyasema. Mwambie aje aniwekee niangalie. Halafu nitajua."

Nikamuuliza nije naye? Akasema hapana. Alikwambia wewe, basi wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Tiketi yako ya kesho ni ya Jeddah mpaka Nairobi. Khamis amepiga simu, inaweza kubadilishwa mpaka saa nne leo usiku: kesho Alhamisi uende Riyadh, ulale kwa Fatma, Ijumaa baada ya swala Rehema atakuja pale, na Jumamosi uondokee Riyadh. Kazi yako inaanza Jumatatu, hutachelewa. Hatujaibadilisha. Ninayo hamu ya kuibadilisha kuliko ninavyoweza kukueleza, lakini ni lazima useme wewe, na ukiwa hutaki, utakwenda Nairobi moja kwa moja na nitakuwa mama yako vilevile, nikiwa na hasira mpaka Mungu apende.

Ukienda, mkalishe penye kiti kizuri. Fatma anacho kimoja tu, mwombe. Weka video, kisha usiseme. Usimwambie ni nzuri. Najua utataka kumwambia, maana ni nzuri, na mtu aliyefanya kitu kizuri hutaka kusikia. Atakapomaliza huenda akataka kuiona tena, au akataka kulala kidogo. Huenda akasema halas. Huenda akasema yule kijana wa Malindi ajue kwanza, kwa mdomo wake yeye Rehema, na ninyi mngoje mwaka. Na akisema mafi, utawaandikia wale watu waifute, palepale, mbele yake, na ukiona wamekufuta na wewe pamoja nayo, utarudi hapa na sanduku lako jipya na tutaanza upya. Nimewahi kufutwa. Mtu haozi.

Sikwambii kwamba ukifanya hivyo yatakuwa yameisha. Kwa Kadzo hayajaisha. Binti yake sasa ni msichana mkubwa, na nasikia huwa anakwenda kumsalimia mama yake siku za sikukuu, kama mgeni. Ninaposikia hivyo natafuta mtu wa kumlaumu, yule bwana wa Nairobi, mume, yule mama na leso yake, na wote ninawalaumu, nawe hujui jinsi ninavyowalaumu. Kisha ninabaki mimi na ile simu iliyopasuka pembeni, na ndoo ya vibanio.

Uliposema nilikulea kwa video, nilitaka kukuuliza ziko wapi. Sikuthubutu. Zile za paani nilizokutumia, sina hata moja, simu iliharibika. Kama bibi yako alizihifadhi, na wewe unazo, ni zako. Ukitaka kuzifuta, futa. Ukitaka kunikalisha siku moja unionyeshe nilivyokuwa nikikudanganya kwamba narudi mwaka ujao, nitakuja, nitaangalia mwanzo mpaka mwisho, na sitasema mafi.

Nasikia mlango wa chini. Khamis anacheka kwenye ngazi, maana yake sanduku ni kubwa kuliko lifti.

Kesho sitakuja uwanja wa ndege, ukienda Riyadh au ukienda Nairobi. Khamis atakupeleka. Nikikuona umeshika pasipoti mkononi nitakukumbatia, nitakusamehe pale mlangoni mbele ya watu, na Rehema hajasema bado kama anakusamehe. Sina haki ya kumtangulia.

Mamako, ambaye hasira zake ni zako peke yako,
na mapenzi yake vilevile, hata kwa leo.